Kibali Hujipi Mwenyewe

Mliosikiliza kipindi kilichopita mnakumbuka kwamba tulipofika kwenye swali la "nitajuaje kama Mungu yuko radhi na mimi?" mimi nilinyamaza. Mwenzangu akatania eti mtandao umekatika. Haukukatika. Nilikuwa na jibu, ila jibu lenyewe lina mkasa nyuma yake, na sikuwa tayari kuusimulia mbele ya maikrofoni. Acha niuandike hapa, taratibu.

Nianze na neno ambalo wengi wetu tumelikuta nyumbani: kibali.

Kwetu Reading, mji ulio magharibi ya London ambako nimezaliwa na bado naishi, kibali kilikuwa cha aina mbili. Cha kwanza kilitoka serikalini. Baba alikuja Uingereza kusoma, mama akamfuata, mimi nikazaliwa, na kwa miaka mingi sote tuliishi kwa karatasi yenye tarehe ya mwisho. Tarehe ikikaribia, meza ya chakula inajaa fomu, picha za pasipoti, barua za mwajiri na karatasi za mshahara. Mama alikuwa hataki mtu aweke hata kikombe juu ya meza ile. Fomu zikishatumwa, tunasubiri. Cha pili kilitoka kwa Mungu. Kila asubuhi kabla ya shule mama anatushika vichwa, mimi na dada yangu, anaomba kwa sauti: Baba, wape watoto hawa kibali.

Mimi mtoto nilidhani ni kibali kimoja. Nilidhani Mungu ana ofisi mahali fulani London, na huko ndiko bahasha zinakotoka.

Bahasha yenye kibali cha kuishi bila ukomo ilipofika, nilikuwa na miaka tisa. Baba aliisoma barua akiwa amesimama mlangoni, hata koti hajavua. Mama alikaa chini sakafuni, akalia, halafu akacheka, halafu akaenda kuchemsha chai. Kitu kimoja kilinikaa kichwani kuanzia siku ile: pamoja na kuhangaika kote, hakuna aliyesema "tumejipatia". Walisema "tumepewa". Kibali hujipi mwenyewe. Anakupa mwenye mamlaka ya kukitoa.

Nililijua hilo nikiwa na miaka tisa. Halafu nikalisahau kwa zaidi ya miaka ishirini.

Sisi tuliozaliwa huku tumekua na sauti mbili masikioni. Nyumbani na kanisani: watu watasema nini? Shuleni na kazini: jiamini, jikubali, usiishi kwa maneno ya watu. Sauti ya kwanza imetuumiza wengi. Najua vijana walioacha kuja ibadani kwa sababu kila Jumapili kulikuwa na mama mmoja wa kuwapima kwa macho kuanzia nywele mpaka viatu. Kwa hiyo tulipopata nafasi tuliikimbia, tukaenda kwenye sauti ya pili, na tukaivalisha nguo za kikristo. Mimi nguo yangu ilikuwa sentensi moja: "Mungu anaujua moyo wangu."

Niliipenda sana sentensi hiyo. Ukinilaumu, Mungu anaujua moyo wangu. Nikikosa maombi mwezi mzima, Mungu anaujua moyo wangu. Ni kweli kwamba anaujua. Ila mimi nilikuwa na maana nyingine. Nilikuwa nasema: mimi naujua moyo wangu, na mimi sina tatizo nao. Jina la Mungu lilikuwa muhuri tu. Saini ilikuwa yangu.

Sasa mkasa wenyewe.

Miaka minne iliyopita, mwezi wa Novemba, tulifiwa. Anko mmoja wa usharika wetu, dereva wa basi, mtu wa utani mwingi, alilala usiku na hakuamka tena. Aliacha mke na watoto wawili. Kwao ni Muleba, mkoa wa Kagera, mkoa wanakotoka wazazi wangu pia, na siku zote alisema akifa azikwe kwenye kibanja cha baba yake, katikati ya migomba. Mnaojua misiba ya huku mnajua kinachofuata. Grupu la WhatsApp linafunguliwa usiku huo huo, anachaguliwa mtu wa kupokea michango, na majina yanaanza kupangwa: fulani 50, fulani 100, kwaya 300. Mtu wa kupokea nilikuwa mimi. Ni mhasibu, kazi yangu ya kila siku ni ukaguzi wa hesabu za makampuni. Wazee wa kanisa hawakujadili hata dakika tano. Wakasema fedha ziingie kwenye akaunti yangu ya akiba, ambayo ilikuwa tupu, maana kufungua akaunti ya pamoja kungechukua muda.

Tulikusanya pauni 7,215. Nikalipa kampuni ya mazishi 2,000 za kuanzia. Zikabaki 5,215, na deni lililobaki lilikuwa 5,000, la kulipwa kabla mwili haujakatiwa nafasi kwenye ndege. Karatasi zilikuwa hazijakamilika, tukadhani tuna wiki mbili hivi.

Wiki hiyo hiyo mimi nilikuwa nahama nyumba. Mwenye nyumba mpya alitaka amana mapema kuliko tulivyopatana, na mshahara wangu ulikuwa unaingia Ijumaa ya wiki inayofuata. Alhamisi usiku nikachukua pauni 600 kwenye fedha za msiba. Neno wizi halikunijia kabisa. Lililonijia ni "nitarudisha Ijumaa".

Jumatatu asubuhi kampuni ya mazishi ikapiga simu. Karatasi zimekamilika mapema, kuna nafasi kwenye ndege ya Ijumaa, tulipe leo. Kwenye akaunti kulikuwa na 4,615. Pungufu pauni 385.

Naomba tutulie hapo kidogo. Pauni 385. Nina marafiki wangenitumia ndani ya nusu saa. Mama angenipa bila hata kuuliza. Lakini nikikopa lazima niseme kwa nini, na mhasibu wa usharika anayekopa ili kuziba pengo kwenye fedha za maiti, huyo hakuwa mtu niliyekuwa namwona kwenye kioo kila asubuhi. Kumlinda yule wa kwenye kioo kulikuwa muhimu kuliko anko kufika kwao. Sikuliwaza kwa maneno hayo wakati ule, ila ndicho nilichofanya. Nilimpigia simu anti, mke wa marehemu, nikamwambia benki imezuia malipo kwa ajili ya usalama, itachukua siku chache.

Akasema, "Sawa baba, hakuna neno. Asante kwa kutuhangaikia."

Ijumaa mshahara uliingia. Nikarudisha 600, nikalipa 5,000. Mwili ukaondoka Jumatano iliyofuata, siku tano baada ya ile ndege tuliyoikosa. Anko akazikwa kwao. Hesabu nikazifunga kwenye jedwali safi: kilichoingia, kilichotoka, na salio la pauni 215 nikamkabidhi anti pamoja na risiti zote. Hakuna hata peni moja iliyopotea. Kwenye ibada ya shukrani mchungaji akanisimamisha mbele, watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akasema vijana wote waliozaliwa huku wangekuwa hivi, tusingekuwa na wasiwasi.

Na mimi usiku ule nikapiga magoti nikamshukuru Mungu, kwa moyo wangu wote. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba sikuwa naigiza. Nilikuwa nimejisikiliza kesi yangu mwenyewe na nikashinda. Fedha zimerudi zote. Hakuna aliyeibiwa. Siku tano sio nyingi. Nimefanya kazi ile bure, usiku, baada ya kazi. Mungu anaujua moyo wangu. Nikajipa hati safi, nikalala.

Kazini kwetu hili lisingepita. Moja ya kanuni tunazofundishwa mwanzo kabisa ni kwamba mkaguzi hakagui hesabu alizoziandika mwenyewe. Kanuni hiyo haimwiti mtu mwizi. Hata mtu mkweli jicho lake linapita juu ya kosa lake bila kusimama, kwa sababu tayari anajua alikuwa na maana gani. Bibi zetu walishalisema zamani: kinyozi hajinyoi. Na ningemkuta mteja amechukua fedha za watu usiku wa Alhamisi akazirudisha Ijumaa ya wiki ya pili, nisingeandika "zimerudi". Ningeandika "zilichukuliwa".

Miezi mitatu baadaye ilikuwa zamu yangu kuongoza somo la Biblia la Jumatano, lile la kwenye Zoom. Tulikuwa tunasoma Wakorintho wa Kwanza, tumefika sura ya nne. Kule Korintho watu walikuwa wamegawanyika, hawa wa Paulo, wale wa Apolo, wanapima watumishi wa Mungu kama sisi tunavyobishana Simba na Yanga. Paulo anawaambia kwamba wao kumhukumu yeye ni jambo dogo sana kwake. Nikafurahi. Nikaandika pembeni: "Usijali watu watasema nini." Somo limeshapatikana.

Halafu nikasoma kinachofuata. Paulo anasema hata yeye mwenyewe hajihukumu. Anasema dhamiri yake haimshtaki kwa neno lolote, lakini hilo halitoshi kumfanya awe mwenye haki, kwa kuwa anayemhukumu ni Bwana. Bwana ndiye atakayeyaleta kwenye mwanga yaliyofichwa gizani, na wakati huo kila mtu atapata sifa yake kutoka kwa Mungu.

Nilirudia mara tatu hivi. Nilikuwa nimezoea kudhani kuna viti viwili tu vya hakimu: wanakaa watu, au nakaa mimi. Na kwa kuwa watu wana midomo, basi bora nikae mimi. Paulo anawainua watu kwenye kiti, halafu anainuka na yeye. Kama dhamiri safi ya Paulo haikuwa kibali, yangu itakuwaje kibali, mimi ninayejua kabisa nilimwambia anti nini siku ya Jumatatu?

Nilifundisha somo vizuri tu. Watu wakatuma mikono ya kupiga makofi kwenye skrini. Nikafunga laptopu, nikakaa gizani.

Nilichokikumbuka pale ni bibi yangu mzaa mama. Bibi aliokoka wakati wa ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukasambaa Uganda, Kagera na Kenya. Watu wake waliitwa walokole, neno lililotokana na Kiganda lenye maana ya waliookoka. Bibi alijivunia sana kwamba Askofu Josiah Kibira, mtu wa Kagera aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, alikuwa ndugu yao wa uamsho. Walokole walijulikana kwa kuungama waziwazi na kurudisha walichochukua. Wenyewe waliita kutembea nuruni.

Bibi alitusimulia kwa simu, na tulipokwenda likizo alitusimulia tena, jinsi alivyokuwa anachanganya vijiwe kwenye kahawa ili gunia liwe zito kwenye mizani. Alipookoka alitembea kwa miguu mpaka kwa mnunuzi kumwambia. Mnunuzi akamwambia, mama, kila mtu anafanya hivyo, nenda nyumbani. Bibi akakataa kuondoka mpaka apigiwe hesabu. Sisi wajukuu tulikuwa tunacheka, bibi na vijiwe vyake. Usiku ule sikucheka. Niliona kwamba mnunuzi alikuwa amempa ruhusa, mwenyewe pia angeweza kujiruhusu, na bado alijua hakuna kati yao mwenye mamlaka ya kutoa kibali alichokuwa anakitafuta.

Jumamosi nikaenda kwa mama. Alikuwa jikoni anamenya ndizi alizonunua Oxford Road. Nikamsimulia yote, kuanzia Alhamisi. Hakuacha kumenya. Nilipomaliza akauliza:

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu, Mama."

"Mimi siye niliyekaa na maiti siku tano."

Basi. Hakusema lingine. Akanipa kisu nimsaidie.

Nilianza kwa mchungaji na wazee, halafu mzee mmoja akanisindikiza kwa anti. Nilimwamkia, akaitika, akatukaribisha chai. Nikasema. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, au kwa matusi, au kwa "nimekusamehe mwanangu". Anti alikaa kimya muda mrefu, mikono mapajani. Halafu akasema, polepole:

"Mama yake alikaa chini ya turubai siku zile zote. Mtu mzima wa miaka zaidi ya themanini. Kila gari likipita barabarani anasimama. Ananipigia, mwanangu yuko wapi? Namwambia, ni benki, mama, ni benki." Akanyamaza tena. "Kwa hiyo na mimi nilimdanganya. Umenifanya nimdanganye mama yake."

Kwenye jedwali langu safi hakukuwa na mahali pa kuandika hilo. Hakuna aliyeibiwa, nilijiambia. Niliiba siku tano za mama mzazi, nikaweka uongo kwenye mdomo wa mjane, na hesabu zangu zote zililingana.

Anti akasema, "Nimekusikia. Sasa naomba mniache." Tukaondoka, chai haijanywewa.

Nikaondolewa kwenye uweka hazina, kitu ambacho kilikuwa haki kabisa. Maneno yalisambaa, mnaijua jumuiya yetu. Wengine walinikwepa. Wengine walinishangaa kwa upande wa pili. Anko mmoja alinivuta pembeni kwenye maegesho ya magari: "Kijana, kwani ulikuwa unatafuta nini? Fedha si zilirudi?" Nilimwona mnunuzi wa kahawa.

Mkasa ungeweza kuishia hapo, na ungefanana na ushuhuda mzuri: nilikosa, nikaungama, nikawa huru. Lakini sikuwa huru. Kilichofuata ndicho hasa nilichotaka kuwaambia.

Wale mnaokumbuka kwamba mwaka ule nilipotea kwenye vipindi karibu miezi mitatu, ndo hapo. Nilijitoa kwenye kila kitu. Kwaya, podikasti, somo la Jumatano. Chakula cha Bwana kikitolewa, mimi nabaki kwenye benchi nimeinamisha kichwa. Nikiombwa hata kufungua kikao kwa sala nasema hapana, sistahili. Na niwaambie ukweli wa aibu: kulikuwa na utamu fulani ndani yake. Hakuna mtu katika usharika mzima aliyenihukumu vikali kama nilivyojihukumu mwenyewe. Hata katika kuwa mwenye dhambi nilitaka niwe wa kwanza darasani.

Jumapili moja mama alinifuata garini baada ya ibada. Akaingia, akafunga mkanda, kumbe hatuendi popote.

"Hiyo mahakama yako haina likizo?"

"Mama, sistahili."

"Nani alisema unastahili? Mimi nastahili?" Akanigeukia. "Mwaka jana ulijipa kibali mwenyewe. Mwaka huu unajinyima mwenyewe. Mwenye muhuri si bado ni wewe?"

Sikuwa na la kujibu. Akaniuliza kama nimewahi kusoma Waraka wa Kwanza wa Yohana sura ya tatu, mahali panaposema kwamba hata mioyo yetu ikitushtaki, Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote. Nilikuwa nimeisoma, na nilikuwa nimeielewa kama kitisho: anajua yote, basi umekwisha. Mama alikuwa anaisoma kama faraja. Anajua yote, hata usiyoyajua wewe, ya Alhamisi ile na ya kabla yake, na bado amekuita mezani. Moyo wako ukikushtaki, yeye ni mkubwa kuliko moyo. Na Paulo anaongeza upande wa pili: moyo wako usipokushtaki, yeye bado ndiye mwenye hukumu. Moyo haushiki muhuri, ukisifu wala ukilaani.

Halafu mama akasema hivi, na hili ndilo nilishindwa kulisema kwenye kipindi:

"Siku ile bahasha ilipofika, ulituona tunarudi mezani kujaza fomu?"

"Hapana."

"Tulifanya nini?"

"Mlichemsha chai."

"Basi."

Nimelifikiria jibu hilo miaka yote hii. Wazazi wangu waliacha kujaza fomu kwa sababu aliyekuwa na mamlaka alikuwa amesema. Hawakuwa wamejiridhisha kwamba sasa ni watu wazuri wanaostahili kuishi hapa. Na baada ya barua ile hawakuacha kufanya kazi wala kulipa kodi. Walifanya zaidi. Ila hawakufanya ili wapewe, walifanya kama watu waliokwisha kupewa. Mfano wa serikali unaishia hapo, najua. Serikali inakupa ukitimiza masharti, na inaweza kukunyang'anya. Injili inasema mwingine ndiye aliyeyatimiza masharti kwa niaba yetu, msalabani. Sikuwahi kuelewa kwa nini hiyo ni habari njema mpaka niliposhindwa kujipa kibali kwa njia zote mbili, ya kujisifu na ya kujitesa.

Najua swali linalokuja, maana tulishaulizwa mara nyingi: je, kutafuta kibali cha Mungu si ni njia nyingine ya kusema tuwasikilize wazee? Hapana. Paulo huyo huyo aliwaandikia Wagalatia kwamba kama angekuwa bado anatafuta kuwapendeza watu asingekuwa mtumishi wa Kristo. Usharika mzima ulinipigia makofi siku ambayo nilistahili kukemewa. Jumuiya inaweza kukusifu kimakosa na kukulaumu kimakosa. Lakini sikusema tuachane nayo. Bila swali la mama pale jikoni, bila mzee aliyenisindikiza, bila anti kunieleza habari za turubai, ningebaki na hati yangu safi mpaka leo. Watu sio hakimu. Mara nyingi ni mashahidi, na mtu anayekimbia mashahidi wote huwa anajua kwa nini.

Kwa hiyo naishije sasa? Mambo madogo tu. Sishiki fedha za watu peke yangu. Nimesaidia usharika kufungua akaunti yenye saini mbili, na moja kati ya hizo sio yangu. Sentensi ya "Mungu anaujua moyo wangu" bado ninayo, ila nimeigeuza iwe ombi, kama Daudi alivyomwomba Mungu amchunguze, maana mtu anayejijua kabisa haombi kuchunguzwa. Na nina mtu mmoja, rafiki wa tangu shule, tunapigiana Ijumaa. Swali lake ni moja: wiki hii umemwambia nani kitu ambacho sio kweli? Wiki nyingine jibu ni hakuna mtu. Wiki nyingine sio hivyo.

Mnaotaka kujua kuhusu anti: hatujawa kama zamani. Sijui kama tutakuwa. Krismasi iliyopita tulikutana mlangoni kanisani, nikamwamkia, akasema, "Marahaba. Mama hajambo?" Nikasema hajambo. Akapita. Zamani ningetaka aniambie amenisamehe ili nijisikie vizuri, na hiyo nayo ingekuwa kumtumia yeye kujipatia muhuri. Namwombea, na sidai kitu. Mama yake marehemu amefariki mwaka jana, huko Muleba. Sikupata nafasi ya kumwomba radhi. Hilo nimeliacha kwa Mungu kwa sababu hakuna mwingine wa kuliachia.

Jumapili iliyopita tulikuwa na Chakula cha Bwana. Nilisimama kwenye mstari nyuma ya mama. Kwetu mchungaji ndiye anayekuwekea mkate mkononi, huchukui mwenyewe. Nimefanya hivyo tangu kipaimara na sikuwahi kuliangalia. Nilikunja mikono kama bakuli, nikapewa, nikala, nikarudi kukaa. Baada ya ibada kulikuwa na chai.

Kwenye kipindi kijacho nitajibu lile swali kwa mdomo wangu, msiniache ninyamaze tena. Kama na wewe uko kwenye ile mahakama, iwe unashinda kila kesi au unashindwa kila kesi, tuandikie.